MATEMBEZI KATIKA MJI WA ZAITUN: WAISLAMU WA KALE UCHINA



Kila sifa njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, Ramadhan ikiingia tunapenda kukumbushana historia ya Makka, Madina, Baghdad na Andalus. Uchina hutajwa na wachache. Basi leo vaa viatu twende tukatembee Quanzhou, mji wa bandari ulioko kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Waarabu waliuita Zaitun. Sio ati kulijaa mizeituni, la! Kulikuwa na miti iitwayo kwa Kichina "citong", na masikio ya mabaharia yakasikia zaitun.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Zaitun katika miaka ya 1340. Aliihesabu miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani, na akawakuta Waislamu wana mtaa wao na kadhi wao.

Kituo cha kwanza: Masjid al-Ashab

Tuko barabara ya Tumen. Mbele yetu kuna lango refu la mawe, karibu mita 12, lenye matao mithili ya misikiti ya Uajemi. Maandishi ya Kiarabu ukutani yasema msikiti ulijengwa mwaka 400 Hijria (1009-1010), kisha ukatengenezwa mwaka 710 Hijria na Ahmad bin Muhammad al-Qudsi wa Shiraz. Ukiingia ndani utaona aya za Qur'ani zimechongwa kwenye mawe, lakini ukitazama juu waona mbingu. Paa liliporomoka kitambo. Swala huswaliwa katika jengo jingine humo humo uani. Kuna pia jiwe lenye amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407, inayokataza watu kuwaonea Waislamu.

Toka nje, hatua chache tu, lipo hekalu la Kichina limejaa moshi wa ubani. Yaani majirani hawa wameishi ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi.

Kituo cha pili: Jahazi

Twaelekea magharibi hadi hekalu la Kaiyuan lenye minara miwili ya mawe ya karne ya 13. Katika uwanja wake limehifadhiwa jahazi lililofukuliwa mwaka 1974 kwenye matope ya ghuba ya Houzhu. Lilizama katika miaka ya 1270. Ndani yake mlikutwa miti ya manukato, pilipili manga, ubani na kauri. Sisi watu wa pwani bidhaa hizi twazijua vizuri!

Kituo cha tatu: Mawe ya makaburi

Sasa twende kwenye jumba la makumbusho ya bahari. Hapa, ndugu yangu, moyo hushtuka. Yamepangwa mawe mengi ya makaburi yenye majina ya Kiislamu na miji walikotoka marehemu. Mengi yake hayakutolewa makaburini. Yalitolewa ndani ya kuta za mji zilipobomolewa karne ya 20! Mwalimu mmoja wa shule, Wu Wenliang, aliyakusanya moja moja kwa miaka mingi, na mwaka 1957 akachapisha kitabu juu yake.

Yalifikaje ukutani? Kuanzia 1357 hadi 1366 wanajeshi wa Kiajemi waliasi na kuushika mji. Walioanza vita ni wachache, lakini uasi ulipozimwa wageni wengi waliuawa, wakiwemo wasiohusika. Walionusurika walikimbilia vijijini. Makaburi yakakosa wenyewe, mawe yakawa ya kujengea.

Kituo cha nne: Chendai

Nje ya mji kuna Chendai, kwa ukoo wa Ding. Hawa ni kizazi cha Waislamu waliokimbia. Kitabu cha nasaba wanacho, na nyumba ya mababu imejengwa kwa umbo la herufi ya Kichina "Hui", jina waitwalo Waislamu. Wanapowatolea mababu chakula, nyama ya nguruwe haiwekwi. Lakini wengi wao swala waliiacha karne nyingi zilizopita. Kumbukumbu imebaki, dini imetoka. Jambo hili latuhusu sana vijana, manake hakuna siku moja waliyokaa wakaamua kuacha Uislamu. Uliwatoka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi.

Kituo cha mwisho: Kilima cha Lingshan

Twamalizia mashariki ya mji, penye makaburi mawili ambayo wenyeji husema ni ya wanafunzi wa Mtume (S.A.W.), ingawa wanahistoria wana shaka. Kando yake kuna jiwe la mwaka 1417 la Zheng He, amiri jeshi wa baharini aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Alizuru hapa kabla ya safari yake ya tano, na wanahistoria wengi waamini merikebu za safari hiyo zilifika Malindi yetu.

Mwaka 2021 UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia. Ni jambo jema, lakini UNESCO huhifadhi mawe tu. Swala, Qur'ani na adabu twahifadhi wenyewe majumbani na madrasa. Gede tuna misikiti iliyobaki magofu, na Chendai tumeona nasaba iliyobaki bila adhana. Basi Ramadhan hii mfundishe mdogo wako sura moja, na mkalishe babu au nyanya akusimulie mlikotoka, uandike.

Allah atuthibitishe katika dini yake sisi na vizazi vyetu. Amin.