Uamuzi wa malalamiko katika mbio za mashua huandikwaje?

TOFAUTI na kandanda, mbio nyingi za mashua za matanga hazina refa majini. Nahodha anayehisi kudhulumiwa hupaaza sauti, na mashua yake ikiwa na urefu wa mita 6 au zaidi, hupandisha pia bendera nyekundu. Kesi husikizwa baadaye na kamati ya malalamiko, na mshindi wa asubuhi aweza kufutwa katika matokeo kabla ya magharibi.

Ndiposa kanuni za shirikisho la World Sailing huitaka kamati iwaeleze wahusika bila kukawia mambo iliyothibitisha, kanuni zilizotumika, uamuzi na sababu zake. Toleo la 2021-2024, kwa mfano, lilimpa mhusika siku 7 kuomba maelezo hayo kwa maandishi.

Kibarua kigumu ni kuandika yaliyothibitishwa. "Mashua hii ilivunja kanuni" ni hitimisho tu. Sharti isemwe ni ipi iliyopata upepo kutoka kushoto, ambayo ndiyo hupaswa kupisha, zilikuwa umbali wa mita ngapi, na ni ipi iliyogeuza mwelekeo. Mchoro huongezwa inapofaa. Uzembe hapa una gharama, kwani anayekata rufaa hupinga uamuzi au utaratibu, wala si ukweli uliokwisha kuthibitishwa. Tena, mbele ya jopo la kimataifa lililoundwa ipasavyo, hata rufaa hiyo haipo.

Kamati yaweza pia kutangaza uamuzi kwa umma, au kuagiza ubaki siri ya wahusika.