Jaribio la mzigo

Jaribio la mzigo ni kipimo cha pumzi ambacho mtu hutembea umbali maalumu, ndani ya muda maalumu, akiwa amebeba uzito unaojulikana. Hupima jinsi moyo, mapafu na misuli vinavyoweza kuendelea kutumia oksijeni katika kazi ndefu.

Mfano wake maarufu ulitengenezwa miaka ya 1990 huko Missoula, jimbo la Montana, na Brian Sharkey na wenzake kwa ajili ya wazimamoto wa nyikani wa Huduma ya Misitu ya Marekani. Ulichukua nafasi ya kipimo cha kupanda na kushuka ngazi kilichotumika tangu miaka ya 1970. Mtahiniwa hubeba kilo 20.4 mgongoni na kutembea kilometa 4.8 kwa dakika zisizozidi 45. Kukimbia ni marufuku. Anayefaulu hukadiriwa kuwa na uwezo wa kutumia mililita 45 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili wake kwa dakika. Wenye kazi ya wastani hubeba kilo 11.3 kwa kilometa 3.2 katika dakika 30.

Katika Idodi, tarafa ya Iringa Vijijini iliyo njiani kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kilo 20 ni dumu la maji lililojaa. Vijiji vya Idodi na Pawaga vina eneo lao la hifadhi ya jamii, MBOMIPA, na askari wa wanyamapori wa vijiji hufanya doria kwa miguu, kwenye joto, wakiwa na maji na chakula chao. Kwa kazi ya namna hiyo, kutembea na mzigo kunasema mengi kuliko kupiga pushapu uwanjani.

Hata hivyo, namba za Montana hazifai kuhamishwa kama zilivyo. Kwanza, mzigo ni uleule kwa wote: kilo 20 ni theluthi ya mtu wa kilo 60, lakini ni robo tu ya mtu wa kilo 80. Mwembamba mwenye pumzi nzuri anaweza kushindwa kwa sababu ya umbo lake. Pili, na hili ndilo zito zaidi, gharama ya mzigo hutegemea namna ya kuubeba. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Wanawake hao, waliozoea kubeba kwa kichwa, walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata, wa mwaka 1995, ulieleza sababu: mwendo wao ulihifadhi nishati kati ya hatua na hatua kwa ufanisi zaidi. Vipimo vya baadaye kwa wanawake wa Afrika Kusini havikuonyesha nafuu hiyo kwa wote, hivyo si haki kuihesabu kama kipawa cha kila mbeba ndoo.

Mwanamke wa Idodi aliyezoea kubeba maji au kuni kichwani juu ya ngata anaweza basi kumaliza safari kwa muda mzuri kwa ustadi wa mwendo, na jedwali la kukadiria pumzi kutokana na muda likamwandikia pumzi asiyokuwa nayo. Mwenzake akivishwa begi la mgongoni kwa mara ya kwanza, jedwali litampunja. Namna ya kubeba lazima iandikwe pamoja na matokeo.

Mwinuko nao huhesabiwa. Kanuni za Marekani huongeza muda kuanzia takribani mita 1,200. Mji wa Iringa, ulio juu ya mita 1,500, ungestahili nyongeza hiyo. Afya hukaguliwa kabla, kwani wapo waliofariki wakifanya jaribio hili. Anayetaka kujua pumzi peke yake, bila ustadi wa kubeba, hutumia mbio za kwenda na kurudi mita 20, zilizobuniwa na Luc Léger wa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha hulinganisha majibu ya vipimo vyote viwili kwa mtu yuleyule.