Mkutano wa video mtandaoni

Mkutano wa video mtandaoni ni mkutano ambamo watu walio mahali tofauti huonana na kusikilizana kwa wakati mmoja kupitia intaneti, wakitumia simu janja, kishikwambi au kompyuta. Nchini Tanzania huitwa pia mkutano kwa njia ya mtandao. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi husema "kikao cha Zoom", hata kama programu inayotumika ni nyingine.

Mikutano hii hutumika katika masomo, kazi, ibada na mashauri ya mahakamani, na pia katika vikao vya harusi, misiba na ukoo. Kwa anayeanza, kuingia mkutanoni si kazi kubwa. Kazi iko katika kusikika mpaka mwisho.

Historia

Simu ya kuonana ilionyeshwa hadharani na kampuni ya AT&T mjini New York mwaka 1964, lakini gharama yake iliwashinda wateja. Skype ilianza mwaka 2003 ikiwa ya sauti tu, ikaongezewa video baadaye, na ilifungwa Mei 2025. Zoom ilianzishwa nchini Marekani mwaka 2011 na Eric Yuan, mzaliwa wa China, na huduma yake ikafunguliwa mwaka 2013. Google Meet na Microsoft Teams zilifuata mwaka 2017. Wakati wa janga la korona matumizi yalipanda ghafla: Zoom ilitoka washiriki milioni 10 kwa siku Desemba 2019 hadi milioni 300 Aprili 2020.

Afrika ya Mashariki ilianza kupata intaneti ya kasi kwa nyaya za chini ya bahari mwaka 2009. Tarehe 17 Agosti 2020 mkutano wa wakuu wa nchi za SADC ulifanyika kwa video, na Rais John Magufuli akakabidhi uenyekiti kwa Rais Filipe Nyusi wa Msumbiji bila wawili hao kukaa chumba kimoja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022 katika mkutano wa namna hiyohiyo. Mahakama ya Tanzania nayo ina kanuni za mwaka 2021 zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa mtandao.

Kujiunga

Mwenyeji wa mkutano hutuma mwaliko, mara nyingi kwa WhatsApp au barua pepe. Ndani yake huwa na kiungo (wengi husema "linki"), pengine namba ya mkutano na neno la siri. Namba ya mkutano wa Zoom huwa na tarakimu 9 hadi 11. Anayebonyeza kiungo hupelekwa kwenye programu. Ni afadhali programu ipakuliwe siku moja kabla, kwa sababu kuipakua wakati kikao kimeshaanza humaliza bando na kumchelewesha mtu.

Mara ya kwanza simu huuliza kama programu iruhusiwe kutumia maiki na kamera. Aliyekataa kwa hofu ataingia lakini hatasikika wala kuonekana, na itambidi akarekebishe ruhusa hizo katika mipangilio ya simu. Zoom ya kwenye simu huuliza pia sauti ipitie wapi. Asiyejibu swali hilo huona midomo ya wenzake ikicheza bila kusikia neno.

Kisha mshiriki huweza kuwekwa katika chumba cha kusubiri mpaka mwenyeji amkubali. Hapa jina lina kazi. Mzee aliyeingia kwa jina la aina ya simu yake anaweza kuachwa nje nusu saa akidhaniwa ni mgeni asiyealikwa, hivyo aandike jina analojulikana nalo na wenzake.

Suala la saa

Hili huweza kuwakosesha watu vikao. Mwaliko unaosema 8:00 PM ni wa saa 2 usiku, wala si saa 8. Kinyume chake, kijana aliyekulia ughaibuni akisikia "saa mbili" huweza kuuandaa mkutano ufunguke saa 8 mchana. Ikiwa mzee aliye kata ya Kiseke, wilayani Ilemela mkoani Mwanza, ana kikao saa 2 usiku, ndugu wa Maskati wako saa 3 usiku na wa Goma saa 1 usiku. London huwa saa 11 jioni wakati wa majira yao ya baridi, na saa 12 jioni wakati wa kiangazi, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao. New York ni saa 6 mchana au saa 7. Mwaliko mzuri hutaja saa kwa Kiswahili pamoja na 20:00 inayoonekana kwenye simu.

Kushiriki

Vitufe vingi huandikwa kwa Kiingereza, na kimoja hupotosha sana. Kitufe chenye neno Mute huzima maiki. Kikisomeka Unmute, maana yake maiki tayari imezimwa, na aongeaye hasikiki. Yaani neno hilo hutaja kitakachotokea ukibonyeza, halielezi hali ilivyo. Maiki izimwe wakati wa kusikiliza, maana jogoo, redio na bodaboda inayopita husikika kwa wote. Simu mbili zikiwa katika mkutano mmoja ndani ya sebule moja huleta mwangwi; moja inyamazishwe maiki na spika. Ili mtu aonekane, akae akielekea mwanga. Akilipa dirisha mgongo huonekana kivuli tu.

Bando, umeme na mtandao

Sauti peke yake hutumia makumi ya megabaiti kwa saa, lakini video hula mamia, na hata kuzidi gigabaiti moja. Kuzima kamera ndiyo njia ya kwanza ya kuokoa bando, na pia sauti iliyokuwa ikikatika hutulia. Mwanza ni mji wa vilima na miamba, na upande mmoja wa kilima huweza kuwa na mawimbi mazuri huku wa pili ukikosa. Jaribio la siku ya kabla huonyesha kona ya nyumba inayofaa. Lakini chanzo huweza kuwa mbali: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Simu ichajiwe mapema kwa kuwa umeme hukatika.

Mikutano ya kundi isiyolipiwa hukatwa baada ya dakika 40 kwenye Zoom na dakika 60 kwenye Google Meet. Jambo zito lisiachwe mwisho.

Usalama

Kiungo kisisambazwe katika makundi ya watu wasiohusika. Anayeonyesha skrini yake huonyesha pia ujumbe unaoingia, pamoja na namba za uthibitisho za benki. Anayemwomba mshiriki ataje namba ya siri ya M-Pesa ni tapeli, na ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa namba 15040. Kurekodi kikao kunahitaji ridhaa ya waliomo.

Maamuzi

Katika kikao cha uwanjani, anayeinuka na kuondoka huonekana. Mtandaoni, aliyeishiwa bando hutoweka kimya, na kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Kama kinachojadiliwa ni kuuza shamba la ukoo, huyo amepoteza sauti yake kwa kukosa shilingi mia chache. Kwa hiyo mwenyekiti huita majina kabla ya kupitisha jambo, kama mwalimu na daftari la mahudhurio, na aliyekatika hupigiwa simu ya kawaida. Mwenye kitochi hushirikishwa vivyo hivyo: mmoja humpigia na kuiweka simu karibu na spika, naye husikia yote na kujibu. Katibu huandika nani alikuwepo wakati wa uamuzi, si wakati wa kufungua tu, na muhtasari husomwa kwa wasiokuwepo kabla ya fedha au hati kutoka.