Kebo ya bahari ya mkondo mnyoofu

Umeme ukivushwa baharini, wengi husema “waya wa baharini” na mambo yakaishia hapo. Kwa kichwa cha habari yatosha. Lakini ukikata kipande cha huo “waya” utakuta kiini cha shaba, kihami kinene cha plastiki au karatasi iliyoloweshwa mafuta, ala ya risasi ya kuzuia maji, kisha nyaya za chuma zilizozungushiwa nje ili isikatike meli inapoishusha. Hiyo ni kebo.

Katika jina kamili, “kebo ya bahari ya msongo mkubwa ya mkondo mnyoofu”, “msongo mkubwa” hausumbui mtu. Laini za kilovoti 132, 220 na 400 zimezoeleka. Kinachosahaulika ni aina ya mkondo.

Umeme wa majumbani ni mkondo geu: huenda na kurudi, mizunguko 50 kwa sekunde. Kwenye nguzo hauna tabu sana. Ndani ya kebo, shaba na ala ya risasi zimekaribiana mno, kwa hiyo kebo hujaa chaji na kuitoa kila mkondo unapogeuka. Kadiri inavyorefuka ndivyo inavyojitumikia yenyewe badala ya mteja. Kutoka Ras Kiromoni, pwani ya Tanzania Bara, hadi Fumba hakufiki kilomita 40, ndiyo maana kebo ya megawati 100 ya kwenda Unguja iliyozinduliwa mwaka 2013 ni ya mkondo geu. Gotland, kisiwa cha Sweden kilicho mbali zaidi, kiliungwa na bara mwaka 1954 kwa mkondo mnyoofu, yaani usiogeuka: kilovoti 100, megawati 20. Uno Lamm wa kampuni ya ASEA alikuwa ametumia miaka mingi kuzifanya vali za zebaki zikubali kazi ya kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu.

Wapo wanaosema “mkondo wa moja kwa moja”. Neno hilo tayari lina kazi kwenye matangazo ya mpira, na “mnyoofu” ni fupi. Mpangilio nao uangaliwe: ukiandika “kebo ya mkondo wa bahari”, baharia atafikiria maji. Nafasi ikibana, afadhali “msongo mkubwa” uachwe kuliko “mkondo mnyoofu”.

Sababu ni kwamba mkondo mnyoofu huunganisha hata gridi zisizokwenda kwa mapigo mamoja, yaani ambazo mizunguko yake haiendi sambamba. Kwa mfano, kati ya Kvilldal nchini Norwei na Blyth nchini Uingereza, tangu 2021, kebo za kilomita 720 hupitisha hadi megawati 1,400. Upepo ukivuma Uingereza, Norwei huupokea umeme huo na kuacha maji yake ya kuzalishia umeme bwawani.

Estlink 2, kebo nyingine ya mkondo mnyoofu, ya megawati 650 kati ya Finland na Estonia, iliharibika tarehe 25 Desemba 2024, Estonia ikiwa bado inakwenda kwa mapigo ya gridi ya Urusi. Februari 2025 nchi hiyo ilihamia gridi ya bara la Ulaya. Kebo iliporudi kazini Juni, ilikuta upande mmoja umebadilisha mapigo, na kwa mkondo mnyoofu hilo halikuwa kikwazo.