Kodi za Vyumba Mpakani

Reli ilipopita Malaba na kufika Kampala mwaka 1931, mpaka wetu ulipata wageni. Na mgeni hutaka chumba. Hata leo, Busia na Malaba, makarani, wachuuzi na wapakuzi wa malori hugombea vyumba vile vile.

Mwaka 1959 Serikali ilitunga sheria ya kuzuia kodi kupandishwa ovyo. Lakini kinga yake iliwekewa kikomo cha shilingi 2,500 kwa mwezi; vyumba vilivyopita hapo vikabaki nje. Tangu 2024 twakatwa asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba nafuu.

Tukizingoja, twawasihi wenye vyumba na wapangaji: andikianeni mapatano, peaneni stakabadhi. Asiye na karatasi hana shahidi.