Vitabu vya Habari za Mji na Nasaba za Watu wa Mzizima

Watu wengi wa Dar es Salaam hutafuta nasaba zao. Mmoja ataka kuandika majina ya wazee kabla hayajapotea, mwingine ana daawa ya shamba la minazi, na mwingine ataka kujua tu babu yake alitoka wapi. Aghalabu mtu akikosa mzee wa kumwuliza hukimbilia kitabu. Akiona humo jina linalofanana na la babu yake, huliunga na majina ya nyumbani kwake, akaona kazi imekwisha. Basi yafaa tuangalie vitabu hivyo vyaweza kuaminiwa kwa jambo gani, na kwa jambo gani havitoshi.

Mji wetu una habari yake iliyoandikwa. Carl Velten, Mdachi aliyekusanya maandiko mengi ya Kiswahili, alipiga chapa huko Berlin mwaka 1907 kitabu kiitwacho Prosa und Poesie der Suaheli, na ndani yake imo habari ya kale ya Dar es Salaam. Twasoma ya kuwa mahali hapa paliitwa Mzizima. Ya kuwa wenyeji walikuwa Washomvi, ambao asili yao husemwa ni Barawa. Na ya kuwa walipoingiliwa na Wakamba waliomba msaada wa Wazaramo, wakiongozwa na Pazi Kilama. Wazaramo wakashinda, wakapewa ada ya kila mwaka.

Habari hii ni hazina, wala sisemi ni ya uwongo. Lakini msomaji na aulize ilisimuliwa lini, na ilimfaa nani. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga mji mwaka 1862, akafa mwaka 1870. Wadachi waliweka boma lao mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji huu kuwa makao ya serikali. Kwa hiyo habari iliandikwa wakati wenye nchi wamekwisha kupata mabwana wawili, na kila ukoo ulitaka ujulikane kwa serikali kuwa ndio wenye mahali. Habari ya Barawa yampa Mshomvi heshima ya kutangulia pwani. Habari ya Pazi yampa Mzaramo haki ya mwokozi. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila humu hatuambiwi wazi mgeni ni nani na mwenyeji ni nani. Kila upande waweza kuisoma kwa faida yake.

Sasa mtafuta nasaba ajihadhari na mitego minne.

Mtego wa kwanza ni cheo kinachodhaniwa kuwa jina. Mwingereza Richard Burton alipopita Uzaramo mwaka 1857 alisikia wakuu wa vijiji wakiitwa Pazi, akaandika hivyo. Kumbe walikuwako Mapazi wengi, kila mmoja na watu wake. Mtu akisema, "Sisi ni wa Pazi," hajasema bado ni yupi. Hali ni hiyo hiyo kwa Jumbe, Diwani na Mwinyi. Watu wawili waliorithiana cheo si lazima wawe baba na mwana. Huenda ni mtu na mpwa wake.

Mtego wa pili ni maneno ya ujamaa. Katika lugha yetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na ndugu wa baba yangu ni baba, mkubwa au mdogo. Msimulizi asemapo, "Fulani alimzaa fulani," yeye hakosei kwa desturi yake, lakini msomaji wa kitabu huyachukua maneno kwa namna nyingine. Tena Wazaramo huhesabu upande wa mama na upande wa baba pia, na mwandishi aliyezoea bin na binti huandika upande mmoja tu. Nusu ya mtu hubaki nje ya kitabu.

Mtego wa tatu ni hesabu ya miaka. Tazama habari za Kilwa, ambazo ni maarufu kuliko zetu. Zipo kwa namna mbili: Mreno João de Barros alizitia katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552, na kwa Kiarabu upo mswada ulionakiliwa mwaka 1877. Hizo mbili zahitilafiana katika majina na katika miaka ya wafalme. Kwa hesabu ya Barros watu wamezoea kuuweka mwanzo wa ufalme wa Washirazi katika karne ya 10. Lakini Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, aliona ya kuwa ufalme huo haukuanza mpaka mwisho wa karne ya 12. Hata hivyo sarafu za shaba zilizofukuliwa zataja jina la Ali bin al-Hasan. Basi mfalme alikuwako kweli; miaka ndiyo iliyovutwa nyuma.

Jambo hilo laweza kupimwa hata nyumbani. Chukua mtu aliyezaliwa mwaka 1980, ukahesabu miaka kama 30 kwa kila kizazi. Baba yake ni wa 1950, babu wa 1920, baba wa babu wa 1890, na babu wa babu wa 1860. Akisema babu wa baba yake alimpokea Majid, amelisahau jina moja au mawili.

Mtego wa nne ni mkubwa kuliko yote, nao ni kimya. Vitabu vyataja wakuu wanaume. Mama hawatajwi, na watumwa hawatajwi kwa majina yao. Twasema, Mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo limewafanya wengi kujitungia asili kwa hofu ya aibu. Kwa amri ya Wadachi watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 walikuwa huru, na Waingereza waliufuta utumwa kwa sheria mwaka 1922. Wengi walichukua ukoo wa bwana zao. Kariakoo nayo yaitwa kwa kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, waliowekwa hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yawakumbuka askari na wapagazi pia, lakini haina majina yao. Wajukuu wao wakitafuta katika vitabu vya Mzizima hawatajiona, nao wasidhani kwa hiyo hawana asili.

Basi na tufanyeje? Waulize kwanza wazee wa pande mbili, kila mmoja peke yake, uandike na jina la aliyekuambia. Kisha tazama daftari za ubatizo, kwa kuwa misheni za Kilutheri na za Kikatoliki zilifika hapa mwaka 1887 na 1888, na padre aliandika siku ile ile; ila umri wa mtu mzima ulikisiwa. Hati za mashamba na makaburi pia zina maneno. Kitabu kije baadaye, kikueleze vyeo, mitaa, vita na desturi. Mahali wasemapo mbalimbali, andika kauli zote mbili, usichague ile tamu.

Na penye pengo, acha pengo. Ukilijaza kwa jina la mkuu fulani wa kitabuni, utakuwa umemfukuza katika nasaba babu yako halisi, ambaye huenda alikuwa mvuvi, au mpagazi, au mtumwa, naye hana mwingine wa kumkumbuka ila wewe.