Hewa ndani ya Chupa: Historia ya Kuhifadhi Divai Iliyofunguliwa

Mtu aliyekulia pwani penye minazi hahitaji kufundishwa kwamba kinywaji kilichochacha hakimngoji mtu. Tembo alilogema mgema alfajiri huwa tamu; jioni huwa kali; likiachwa siku chache huwa siki ya kutilia kachumbari. Divai ya zabibu huifuata njia iyo hiyo, ila kwa mwendo wa polepole, na katika chupa iliyozibwa vyema yaweza kutulia miaka mingi. Siku kizibo kitolewapo, safari huanza tena. Watu wamefanya nini juu ya divai iliyobaki, na walijuaje la kufanya?

Wakulima wa Toscana, nchini Italia, walikuwa na jibu kabla ya elimu ya kemia. Divai yao waliitia katika chupa ya tumbo la mviringo, iliyovikwa majani makavu yaliyosukwa, kisha shingoni wakamimina mafuta kidogo ya zeituni. Mafuta huelea, nayo huikinga divai isiguswe na hewa. Wakati wa kunywa mafuta yaliondolewa kwanza. Wako waandishi wanaosimulia historia ya sayansi kana kwamba watu kama hawa walikuwa gizani mpaka mtaalamu alipowasha taa. Mimi sioni hivyo: adui hawakumjua kwa jina, lakini mlango aingiao waliujua.

Aliyemtaja adui huyo kwa jina ni Louis Pasteur. Mwaka 1860 Ufaransa na Uingereza zilifanya mapatano ya biashara yaliyopunguza ushuru wa divai. Lakini divai nyingi ya Kifaransa ilikuwa ikiharibika kabla ya kunywewa, na mwaka 1863 Napoleon III alimtaka Pasteur achunguze sababu. Pasteur akaenda kufanya kazi Arbois, mji mdogo wa Jura alikokulia. Alitia divai katika mirija ya kioo. Mingine akaijaza pomoni, mingine akaiachia nafasi ya hewa, kisha akaiziba yote. Divai ya mirija iliyojaa haikubadilika. Ile iliyofungiwa pamoja na hewa iligeuka rangi, ikaacha mashapo. Tena alikuwa amekwisha onyesha kwamba siki hufanywa na vijidudu hai, navyo haviwezi kazi hiyo pasipo hewa. Basi chupa iliyofunguliwa hupatwa na mambo mawili pamoja: oksijeni yenyewe, na vijidudu vinavyoihitaji.

Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1866 Pasteur hakuihukumu hewa moja kwa moja, na jambo hili husahauliwa mno. Alieleza kwamba hewa kidogo ipenyayo katika mbao za pipa ndiyo inayoikomaza divai changa. Madhara yamo katika kipimo.

Vyombo vilivyofuata havikuleta fikira mpya. Pampu ndogo ya mkono ya kunyonya hewa chupani, iliyotoka Uholanzi katika miaka ya 1980, haiwezi kuitoa hewa yote. Gesi ya argoni, iliyo nzito kuliko hewa, hutandazwa juu ya divai, ikafanya kazi ya yale mafuta ya Toscana. Mimi si mnywaji, ila siki naijua. Na kwa maoni yangu njia bora ni ile isiyo na gharama: divai iliyobaki imiminwe katika chupa ndogo mpaka ijae, izibwe, iwekwe penye baridi, kwa maana baridi huyachelewesha yale mambo mawili. Huo ni mrija wa Pasteur uliohamia jikoni.

Ajabu ni kwamba pale pale Arbois hufanywa divai ya manjano ambayo kanuni hii haiitishi. Hukaa pipani zaidi ya miaka 6, wala pipa halijazwi tena divai inapopungua. Utando wa hamira hutanda juu yake, nayo hewa hupita humo kidogo kidogo. Hutiwa katika chupa ya mililita 620, na chupa hiyo ikifunguliwa huweza kukaa majuma kadhaa bila kudhurika, kwa kuwa hewa na divai hiyo zilikwisha zoeana zamani.